Kuku juu ya Boneti: Historia ya Meza za Bei Chee Itaandikwa na Nani?

Kuna sentensi moja ambayo, nadhani, imeutangaza mji wa Arusha kwa wageni kuliko riwaya yoyote. Haina mwenyewe. Inahama kutoka kitabu kimoja cha watalii kwenda kingine, kutoka kwa mpanda mlima kwenda kwa mpiga picha wa simba, inabadilishwa neno moja mawili, ila kiini ni kilekile: mchana ni duka la vipuri vya magari, usiku ni jiko la kuchoma nyama. Mahali panapotajwa ni Khan's, pale Mosque Street, katikati ya mji. Wageni wamepapachika jina la utani, "Chicken on the Bonnet", yaani kuku juu ya boneti.

Leo nataka tuisome hiyo sentensi. Najua hapa tumezoea kuchambua riwaya na mashairi, na kuna watakaosema huyu sasa kaishiwa vitabu. Vumilieni kidogo. Kama sentensi moja ndiyo historia pekee iliyoandikwa ya mahali ambapo watu wamekula, wamechumbiana na wamegombania bili, basi hiyo sentensi ni maandishi mazito, na maandishi mazito lazima yahojiwe.

Nianze na yangu. Mimi nimekulia Levolosi, upande ambao alfajiri unaamshwa na mikokoteni inayoelekea soko la Kilombero. Baba alikuwa dereva wa lori. Mchana alikuwa ananichukua kwenda naye mjini kutafuta vipuri: plagi, mkanda wa feni, balbu ya taa ya nyuma. Mtaa ule niliujua kwa harufu ya oili na raba mpya. Jioni moja ya mwisho wa mwezi tukaenda mtaa uleule, safari hii na mama, na mdogo wangu amevalishwa viatu vya sikukuu. Nikamuuliza, "Baba, mbona tumerudi dukani?" Akanijibu, "Tulia, utaona." Nikaona moshi. Mlango wa chuma umefungwa, meza zimepangwa, mkaa umekolea, kuku amefunguliwa kifua kama kitabu. Nilikuwa mtoto, na niliamini kabisa kuwa nimeoneshwa mazingaombwe.

Kwa hiyo ninapowasema waandishi wa vitabu vya watalii, nakiri kwanza kwamba mshangao wao nami niliupata. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na miaka saba.

Sasa tuisome. "Mchana duka, usiku jiko." Sentensi imejengwa kama kitendawili, na raha yake iko kwenye kugongana kwa vitu viwili visivyotarajiwa: grisi na nyama. Msomaji wa mbali anacheka, anaandika kwenye daftari lake kuwa lazima aende. Lakini muulize mtu yeyote anayepanga fremu mjini kama hicho ni kitendawili. Atakuambia ni hesabu. Kodi ya fremu inalipwa kwa miezi, na miezi ina usiku pia. Duka likifungwa saa kumi na moja jioni, ile sehemu ya mbele, lile eneo la kuegesha magari, inabaki imelipiwa na haizalishi. Ndiyo maana katika miji yetu cherehani inampisha jiko la chipsi, kibanda cha vocha kinampisha muuza supu, na ukumbi wa harusi wa Jumamosi ni kanisa Jumapili. Boneti ikitumika kama meza, ni kwa sababu ilikuwepo pale na haikuongeza gharama. Kitendawili kinachomchekesha mgeni, kwa mwenyeji ni jibu la swali gumu: nitauzaje chakula bei ambayo watu wataimudu, bila kupanga eneo la pili?

Hapo ndipo sentensi inapoanza kunikera. Imeona kitu cha ajabu na ikaacha kitu cha maana. Haisemi nani anakata nyama, au viungo vinalowekwa saa ngapi ili saa moja usiku vishuke kwenye moto vimekolea. Haisemi nani anafagia vumbi la mchana ili watoto wakae, na nani anafagia mifupa ya usiku ili asubuhi mteja wa plagi asikanyage mafuta. Kati ya "mchana" na "usiku" kuna koma tu. Ukiniuliza mimi, historia yote ya mahali pale imefichwa ndani ya hiyo koma.

Na kuna jambo jingine lazima niliseme, nisije nikadanganya kwa mapenzi. Vitabu huwa vinapaita mahali pa bei nafuu. Nafuu kwa nani? Kwa mtu aliyetoka kulipia hifadhi kwa dola, ni nafuu sana. Kwetu sisi ilikuwa ni safari ya mshahara. Baba alikuwa anahesabu mishikaki kwa macho kabla hatujaagiza. Sisemi hivyo kwa kulalamika, maana utamu wake ulikuwa hapohapo. Nasema kwa sababu mji mmoja una bei chee za ngazi mbili tatu, na mwandishi akiandika "nafuu" bila kusema mfuko wa nani, ametuandikia mfuko wake.

Tuvuke bahari kidogo, tuone wenzetu wameshughulikiaje. Mwaka 1916, Nathan Handwerker, mhamiaji Myahudi kutoka eneo ambalo sasa ni Poland, alifungua kibanda cha hotidogi Coney Island, New York. Hotidogi si kitu kigeni kwetu ukiitazama vizuri: ni soseji ndani ya mkate mlaini, haradali juu, unakula umesimama. Kabla ya hapo Nathan alikuwa kibarua katika mgahawa mkubwa wa Feltman, ambao ulikuwa unauza hotidogi senti kumi. Yeye akauza senti tano. Historia yote ya Nathan's inaanzia kwenye hiyo nusu ya bei.

Lakini bei ya chini ilimletea tatizo ambalo kila mama lishe wa Kilombero analijua: watu wanakiogopa chakula rahisi. Hiyo nyama ni nyama gani? Inasimuliwa kwamba Nathan aliwavalisha watu makoti meupe wasimame kibandani wakila, ili wapita njia waseme kama madaktari wanakula hapa, basi ni salama. Je, ni kweli? Pengine ni kweli, pengine imepakwa rangi. Ila tunajua hadithi nyingine ya mahali hapohapo ambayo ilipikwa: ile ya kwamba mashindano ya kula hotidogi yalianza tangu 1916, wahamiaji walipobishana nani anaipenda Marekani zaidi. Mwaka 2010, Mortimer Matz, mmoja wa watu wa matangazo waliohusika, alikiri wazi kuwa waliitunga wenyewe miongo kadhaa baadaye.

Kinachonivutia si uongo wenyewe. Duka lolote lina chumvi yake. Kinachonivutia ni kwamba uongo uliweza kukamatwa. Uligundulika kwa sababu kulikuwa na magazeti ya kupekua, picha za kulinganisha, na watu waliohojiwa wangali hai. Mjukuu wa Nathan, Lloyd Handwerker, alitumia miaka mingi kurekodi ndugu zake na wafanyakazi wa zamani wa kibanda kile. Ikatoka filamu ya hali halisi, Famous Nathan, mwaka 2014, kisha kitabu chenye jina hilohilo mwaka 2016, alichoandika pamoja na Gil Reavill. Nguvu ya kazi hiyo, kwa maoni yangu, iko kwa wafanyakazi. Ukimsikiliza mtu aliyesimama miaka nenda rudi mbele ya kikaango, unaelewa kuwa "bei nafuu" ni neno la upande wa mteja. Upande wa pili wa kaunta neno lake ni "haraka", na "simama wima", na "usipoteze hata mkate mmoja". Udhaifu wake ni ule wa kila historia inayoandikwa na familia: macho yanarudi tena na tena kwa babu, na ugomvi wa watoto wake wawili juu ya biashara unachukua nafasi ambayo ningependa wapewe watu wa kikaangoni. Jina dogo la kitabu linaahidi ndoto ya Kimarekani, na ndoto huwa inamtaka shujaa mmoja. Jiko halina shujaa mmoja.

Hata hivyo, kipo. Unaweza kukikosoa kwa sababu kipo. Mimi Khan's nikikosoe kitabu gani?

Mtu ataniambia: ndugu yangu, fasihi yetu imejaa chakula. Sawa, tuangalie. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutufikia kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kwa jina la Peponi, inaanzia hotelini. Na "hoteli" hapa ni ile yetu ya Kiswahili: mahali pa kula, pa mji mdogo, baba wa mtoto Yusuf akiwa ndiye mwenye nayo. Biashara haiendi. Baba ana deni kwa tajiri Aziz, na mtoto anaondoka na tajiri kama rehani bila kuelewa kuwa yeye ndiye malipo. Kila nikiisoma sehemu hiyo namfikiria mwenye hoteli. Gurnah ametuonesha kwa kurasa chache kitu ambacho vitabu vya watalii vina aya elfu na havijakiona: nyuma ya sahani ya bei chee kuna daftari la deni, na daftari likijaa, kuna mtu nyumbani atakayelilipa.

Lakini hoteli ile haina budi kuachwa. Mtoto anasafiri, na riwaya inasafiri naye. Ndivyo tunavyofanya mara nyingi: mgahawa kwetu ni mahali pa kuanzia, au mahali mpelelezi anapokunywa chai akimsubiri mhalifu. Mpishi anapita na sinia, anaweka, anaondoka. Hatumfuati jikoni.

Angalia hata jina tulilompa. "Mama ntilie." Limetoka kinywani mwa mlaji: mama, nitilie. Sijui lugha nyingine iliyomchukua mfanyakazi ikamwita kwa amri anayopewa. Ni jina zuri, lina njaa na lina heshima ya "mama" ndani yake, lakini ni jina letu sisi tunaokula. Baadaye wenye lugha ya semina wakaleta "mama lishe", na wanaume wakawa "baba lishe". Hilo la pili ni safi zaidi na lina ladha ya fomu ya ofisini. Yote mawili hayatuambii anaitwa nani.

Serikali nayo imewaandika, kwa namna yake. Sheria ya Nguvukazi ya 1983 iliwakuta wauza vyakula wengi wa mijini hawana leseni, na asiye na kazi inayotambulika alihesabiwa mzururaji, anakamatwa, anarudishwa kijijini kulima. Desemba 2018, Rais Magufuli akatoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja, na ghafla mtu yuleyule akawa mlipaji anayelindwa. Mwaka 2021 ukaja upangaji mpya wa wamachinga, meza zikaondolewa barabarani, watu wakaelekezwa maeneo mapya. Ukizisoma nyaraka hizo tatu kwa mfululizo, unapata tamthilia: mzururaji, mjasiriamali, kero ya barabara. Mhusika ni mmoja, sufuria ni lile lile. Mtafiti Aili Mari Tripp aliandika kitabu kizima, Changing the Rules, mwaka 1997, akionesha jinsi watu wadogo wa Dar es Salaam walivyoendelea na shughuli zao hadi sheria zikalazimika kuwafuata. Ni kazi ninayoiheshimu. Iko kwa Kiingereza, na mama aliyehojiwa hawezi kuisoma.

Nikiwa Levolosi natembea kwa miguu hadi Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni, karibu na mnara wa Mwenge. Jengo ni dogo. Hapo ndipo TANU walikaa Januari 1967 wakajadili nchi iwe ya wakulima na wafanyakazi. Ndani kuna picha na karatasi zilizotunzwa kwa heshima, na zinastahili. Ila kila nikitoka pale najiuliza: wajumbe wale walikula nini mchana? Nani aliwapikia? Mkutano wa siku nne unataka sufuria. Tumetunza maneno ya kujitegemea, na waliopakua wali siku hizo hawamo pichani.

Basi, nifike ninapofika. Kwenye kona yetu Levolosi kulikuwa na mama aliyeuza chapati na maharage. Majiko mawili ya mkaa, benchi moja, turubai la bluu. Nimekula kwake tangu darasa la nne mpaka namaliza kidato cha nne. Asubuhi ambayo nyumbani hakukuwa na kitu, alinitilia na kusema, "Nenda shule baba, utaleta." Alikuwa ananiita baba, mimi niliyekuwa sina hata nauli. Deni aliliandika kwa mkaa ukutani, vijistari vijistari, mvua ikinyesha kwa upepo linafutika, na hakuwahi kuuliza. Siku moja turubai halikuwepo. Tukasikia amehamishwa, wengine wakasema kaenda kwao Meru, wengine wakasema anaumwa. Wiki mbili baadaye pale pakawa pa kuegesha bodaboda.

Nilipokaa kuandika uchambuzi huu, nilikusudia kuwalaumu waandishi wa kigeni kwa kuandika sentensi moja tu juu ya Khan's. Nikawa nimeshaitafuta aya kali ya kumalizia. Ndipo nikajiuliza huyu mama nitamwandikaje, nikagundua kuwa sina hata sentensi moja. Sijui jina lake. Zaidi ya miaka saba. Tulimwita Mama, na yeye alituita baba, na sote tukaridhika. Mgeni wa siku mbili aliyepita Mosque Street ameandika jina la mahali, mtaa, saa ya kufungua na namna ya kuku. Mimi niliyelelewa na maharage nimeandika nini?

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya ile sentensi inabidi ipungue makali. Ni fupi, inapenda kuchekesha, haioni kazi. Lakini imefanya kitu ambacho sisi hatujafanya: imeandika mahali palipo, wakati papo. Kosa lake ni kutazama kwa juujuu. Kosa letu sisi ni kutoandika kabisa, halafu tunajitetea kwamba tunakumbuka. Hatukumbuki. Niliwauliza wenzangu watatu tuliokula benchi lile. Mmoja anasema mama alikuwa mrefu, mwingine anasema mfupi. Wa tatu anakumbuka pilipili tu.

Sidai kila kibanda kiandikiwe riwaya. Nadai vitu vidogo zaidi. Mwandishi anayetaka kuandika mji aanze na bei, kwa sababu bei ina tarehe ndani yake. Aandike kilo ya mkaa ilikuwa shilingi ngapi. Aandike meza ilikaa wapi kabla haijasogezwa, na nani aliisogeza. Aulize viungo vinalowekwa saa ngapi. Akimaliza hayo, mshangao wa kuku juu ya boneti utabaki palepale, wala hautapungua. Baba yangu alijua plagi inauzwaje mchana na mshikaki unauzwaje usiku, na bado kila mwisho wa mwezi alikuwa anatabasamu tukikata kona ya mtaa ule. Sasa hayupo wa kuniambia ilikuwa mwaka gani mara ya kwanza.

Naanza mimi, na nyie mtaendeleza hapo chini kila mtu na kona yake. Levolosi, mwaka 2009, nikiwa kidato cha pili. Chapati mbili na maharage, shilingi mia saba, chai juu yake mia moja. Majiko mawili, benchi moja, turubai la bluu. Jina la mpishi sikuliuliza. Kama kuna anayelijua, naomba aniandikie.